Una pikipiki kubwa ya safari huku Mtwara? Hizi ndizo za kuongeza, kuanzia bora hadi ya kuacha

Mwenye BMW R 1250 GS, Africa Twin au Gold Wing akisema anatafuta pikipiki nyingine, watu humcheka. Wanaona kama kufuru. Lakini pikipiki ya safari ilitengenezwa kwa safari, na sisi wa Mtwara na Lindi hatuendi Dar es Salaam kila wiki. Zile kilomita 560 hivi za lami ndizo kazi yake: unajaza tenki, unaipita Mingoyo, unapumzika Nangurukuru, unavuka Daraja la Mkapa jua bado lipo. Siku nyingine zote unakwenda sokoni, unateremka Shangani, unapeleka mzigo mdogo Chuno, unafika Mikindani kununua samaki na kurudi.

Kazi hizo ndogo ndizo zinazoiumiza kubwa. Safari ya kilomita mbili haiipi injini nafasi ya kupata moto kamili, kwa hiyo unyevu na mabaki ya petroli hubaki ndani ya oili. Betri nayo hutoa umeme mwingi wa kuwashia, na kabla haijarudishiwa ulichochukua umeshazima. Ongeza kuisukuma kinyumenyume kutoka kwenye mchanga mbele ya duka. GS yenye mafuta ina kilo 249, Gold Wing inavuka 360. Ikikulalia hapo utaita vijana wanne, na watakuja wakicheka.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: ya pili ifanye yale ambayo ya kwanza inayafanya vibaya. Itengenezwe na fundi wa karibu kwa spea za karibu, ipite kwenye mchanga, na uweze kumwazima mtu bila kukosa usingizi. Ukiitazama hivyo, mpangilio unatoka tofauti kabisa na ule wa wapenda spidi.

1. Boda mpya ya cc 125 au 150

Ndiyo, boda. Boxer 150 au TVS HLX, zile zile zinazopanga foleni stendi. Najua aliyezoea kuheshimiwa kwenye vituo vya mafuta anaona aibu kidogo. Aibu hiyo huisha siku utakapopata pancha Nanyamba au Nyangao, ukakuta tyubu ya saizi yako inaning'inia dukani pamoja na ndala na sabuni. Tairi ya nyuma ya GS ni 170/60 ya inchi 17, na hiyo huku kwetu ni ya kuagiza. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, kila aliyekuwa anasubiri kitu kutoka Kariakoo alijifunza maana ya kuagiza. Wenye boda waliendelea na shughuli zao.

Injini yake ni silinda moja, inapozwa na upepo, na mafuta yanapita kwenye kabureta. Fundi haifungui kwa kompyuta. Plagi, cheni, breki shuu, waya wa klachi, vyote vinauzwa katika kila mji mdogo kuanzia Kilwa Masoko hadi Mangaka. Petroli utaisahau: kubwa inayotembea vizuri hukupa kilomita 20 hivi kwa lita, boda hupita mara mbili ya hapo. Anayefuatilia bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anajua tofauti hiyo inaingia mfukoni mwa nani.

Kati ya hizo mbili, chukua Boxer 150 kama unapakia mtu mara kwa mara au unapanda Newala na mzigo nyuma. Ile nguvu ya ziada utaihisi mlimani. Kama maisha yako ni mjini, Ligula hadi bandarini hadi nyumbani, HLX 125 inatosha na inakula kidogo.

Nimesema mpya kwa makusudi. Boda iliyofanya biashara imebeba abiria watatu, magunia ya korosho na pengine kitanda, na mara nyingi waya wa kuhesabu kilomita umeshakatwa. Rangi mpya ya tenki haikwambii chochote. Ukilazimika kununua iliyotumika, tafuta ya mwalimu au muuguzi aliyekuwa anaenda nayo kazini. Ifike asubuhi injini ikiwa ya baridi, upige kiki mwenyewe. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika ana anachokificha. Tazama moshi: wa bluu maana yake ringi au pistoni zinaomba pesa. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha. Kisha linganisha namba ya chesisi na kadi, tarakimu kwa tarakimu, na usitoe fedha kabla ya kukubaliana siku ya kwenda TRA kuhamisha umiliki. Barua ya mtendaji wa mtaa peke yake haikufanyi kuwa mmiliki.

Ubaya wake? Breki na taa. Mkono uliozoea ABS ya kubwa, yaani breki zinazozuia gurudumu kujifunga, utaibana breki ya boda ukitegemea ifanye muujiza, nayo haina. Wiki za kwanza anza kupunguza mwendo mapema. Taa ni za kukuonyesha shimo la karibu tu, kwa hiyo usiku barabara ya Lindi iache, pale penye baiskeli zisizo na taa na mbuzi waliolala kwenye lami yenye joto. Na uvae kofia ngumu ile ile unayovaa kwenye kubwa. Watu hudhani boda haiui.

Halafu kuna suala la kuazimwa, ambalo mwongozo wa Ulaya hauwezi kukuandikia. Mjomba akija kuomba pikipiki aangalie mikorosho yake Nanguruwe, utamwambia nini? Ukimnyima utasikia habari zako msibani. Ukimpa Africa Twin, msiba unaweza kuwa wa kwenu. Boda unampa, unamwombea safari njema, unaendelea na chai. Hakikisha tu ana leseni na bima haijaisha, kwa sababu kila pikipiki ina bima yake na ile ya kubwa haimfuniki aliyepanda ndogo.

2. Ya njia mbaya iliyotumika: Honda XL 125, Yamaha DT 125 na ndugu zao

Kama unaishi Tandahimba, Kitangari au una shamba ndani huko uwanda wa Makonde, ipandishe hii iwe ya kwanza. Mchanga wa kule, na ule wa kwenda Msimbati ukishapita Madimba, hauheshimu cc. Kubwa huzama kwa uzito wake. XL ina gurudumu kubwa la mbele, shokapu ndefu na tumbo lililoinuka, inaelea mahali ambapo GS inachimba.

Hizi huwafikia watu kupitia minada ya serikali na miradi, au kwa maafisa ugani waliowahi kuzinunua. Hapo ndipo pa kuwa macho. Ikiwa bado ina namba za DFP, yaani ya mradi wa wafadhili, iliingia nchini bila kodi, na kodi hiyo lazima imalizwe kabla haijawa yako. Uliza nani analipa kabla ya kuulizana bei. Usikubali jibu la “tutamalizana baadaye”.

XL ni ya mipigo minne na haina makuu: badilisha oili kwa wakati, nayo itakuzika. DT na Yamaha AG 100 ni za mipigo miwili, zinachoma oili pamoja na petroli. Muulize mwenye nayo kama pampu ya oili inafanya kazi au ilishaondolewa, na kama anachanganya mwenyewe kwenye tenki, anachanganya kwa kipimo gani. Akijibu “kidogo kidogo tu”, injini hiyo imeshakaukiwa siku nyingi. AG 100 nina mapenzi nayo, nakiri. Cheni yake imefunikwa kwenye boksi, mchanga na chumvi haviigusi, na ina keria mbele na nyuma. Ni mbaya kwa sura na wala haijali.

Kinachoishusha kundi hili hadi nafasi ya pili ni spea. Hazijapotea, ila utazitafuta, na tayari una pikipiki moja ya kutafutiwa spea.

3. Za Kichina za bei ya chini

Nyingi ya injini hizi zimetokana na muundo wa Honda CG 125 wa mwaka 1976, ndiyo maana fundi yeyote huzifungua bila kuuliza. Injini si tatizo. Tatizo ni vinavyoizunguka: nyaya, swichi, na hasa vyuma vilivyong'arishwa. Huku pwani hewa ina chumvi, na rimu na spoku huanza kuota kutu mapema. Ukichukua, ioshe kwa maji ya bomba kila ukitoka ufukweni, ipake grisi kwenye viungio vya nyaya, uiweke ndani. Kwa mtu anayekaa Masasi au Nachingwea, mbali na bahari, ingeweza kupanda hadi karibu na ya pili.

4. Skuta

Mjini kwenye lami ni raha: hakuna gia, unaweka mfuko wa soko miguuni, na mama wa nyumbani anaichukua bila kukuomba. Magurudumu madogo yakikutana na mchanga wa uchochoro, raha imekwisha. Mkanda wake wa gia nao si kila fundi anaujua.

5. Kubwa nyingine, au ya kati

Hapa ndipo wengi hupelekwa na moyo. Unaona V-Strom 650 au Himalayan yenye kilo karibu 200, unajiambia hii ndiyo “ndogo” yangu. Si ndogo. Utakuwa na pikipiki mbili zisizopita Msimbati, mbili za kuagiziwa tairi, mbili usizoweza kumpa mjomba. Kama huna kubwa kabisa, Himalayan ni ununuzi mzuri. Kama unayo, pesa hiyo ipeleke kwenye boda na chenji ibaki kwa safari ya Msumbiji kupitia Daraja la Umoja.

Kuhusu wakati wa kununua: malipo ya korosho yakiingia, kuanzia mnada wa Oktoba hadi mwisho wa mwaka, maduka hujaa wanunuzi na muuzaji hana sababu ya kukupunguzia. Subiri masika yapite na fedha zikauke vijijini. Wanaouza watakutafuta wenyewe, na utachagua.

Ya pili ikishafika nyumbani, kubwa itaanza kukaa. Alamu na kompyuta zake zinaendelea kunyonya betri hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo ichomeke kwenye chaja ndogo ya kutunzia betri, au itoe kila baada ya wiki mbili hadi Mingoyo na kurudi. Kuiwasha uani dakika tano na kuizima ni kuirudisha kwenye ule ule unyevu wa oili ulionunulia boda kuukwepa.