Biblia ya zipu kwenye kibanda cha nafaka: inafaa, ila zipu yenyewe ni bure

Ni Biblia ya mfukoni, tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version, jalada jeusi la ngozi bandia, zipu kuizunguka. Niliinunua shilingi 750 katika duka moja la vitabu vya Kikristo mjini, na tangu hapo makao yake ni kibandani kwangu Kangemi, kati ya gunia la njahi na la ndengu. Wengine wataipima kwa ubora wa karatasi. Mimi nauza nafaka, nimeipima kwa gorogoro.

Asiyejua soko letu aelewe hivi: maharagwe tunauza kwa gorogoro, ule mkebe wa bati wa kilo mbili hivi. Mkebe una kitako. Kikigongwa kutoka chini kikaingia ndani kidogo, kila mteja anaondoka na pungufu bila kujua. Fundi wa jua kali anakugongea kwa dakika moja wala hakuulizi ni ya nini. Januari, karo ikidaiwa na wateja wakiwa wamekauka, jaribu langu ndilo hilo. Si pombe, si kamari. Lina ndugu yake pia: maharagwe aina ya nyayo ya msimu uliopita yaliyoguswa na fukusi, ukiyachanganya na mapya ukatikisa gunia, nani atajua?

Sasa turudi kwa Biblia. Kiswahili cha Union Version ni cha mwaka 1952, na vijana kanisani kwetu wanalalamika kwamba ni kigumu. Kwangu ndicho kilichonifanya niichague. Kimejaa vipimo: kibaba na efa vya nafaka, hini ya mafuta. Ufunuo 6 unatangaza kibaba cha ngano kwa nusu rupia utadhani kondakta anaita abiria. Lakini mlango unaonishika koo ni Amosi 8. Pale kuna wafanyabiashara wanaongoja sabato iishe warudi kuuza. Wanapunguza efa, wanaongeza shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha, na hata takataka za ngano wanaziuza. Zile nyayo zenye fukusi ndizo hizo! Amosi alikuwa mchunga mifugo na mtunza mikuyu, na naona soko alilijua vizuri.

Ninachokisifu zaidi ni upangaji wa maandishi. Mithali na Zaburi zimechapwa kwa mistari mifupi ya ushairi, jicho likishika, ulimi unafuata. Chukua Mithali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA; Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mistari miwili basi, niliikariri huku nachambua maharagwe. Na kwa kazi kama yangu lazima ukariri. Mteja amesimama ameshika mfuko wazi, mikono yangu imejaa vumbi; nitafungua zipu saa ngapi nianze kutafuta Mambo ya Walawi? Yesu kule nyikani alimjibu Ibilisi mara tatu, na majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati. Sioni popote Mathayo akisema alikuwa na gombo la chuo mkononi.

Programu ya Biblia ya simu, YouVersion, ninayo pia, na Union Version imo, bure. Usiku ni nzuri, maana herufi unazikuza upendavyo. Sokoni hapana. Simu hiyo hiyo ndiyo ya M-Pesa, na humo ndimo jumbe za mikopo zinamoingia, eti nimefuzu kupata kiasi fulani. Nafungua kutafuta aya, naishia kusoma riba.

Kasoro zipo. Zipu ilikula vumbi la mahindi ikakwama, sasa naifunga kwa raba. Jalada linabambuka pembeni. Herufi ni ndogo mno. Mwenye macho ya uzee asijisumbue bila miwani. Na hakuna marejeo pembeni mwa aya, kwa hiyo ukitaka kujua ni wapi kwingine pamesemwa habari za vipimo, utatafuta mwenyewe. Nimetafuta: Walawi 19, Kumbukumbu la Torati 25, Mika 6. Nimeziandika kwa penseli kwenye karatasi nyeupe ya mwisho, ambayo kwa bahati waliiacha.

Luka 6:38 sikuhitaji kuiandika. Kuna shosho hununua kwangu ndengu, na kila mara husema, "Mama, hebu tikisa." Siku hizi natikisa kabla hajafungua mdomo: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Jirani wa kibanda cha pili anasema nitafunga biashara. Sitamficha mtu, faida imepungua, hasa kwa ndengu, kwa sababu ni ndogo na ukizitikisa zinashuka, mkebe unataka kujazwa tena. Kwa njahi tofauti haionekani sana.

Ukiwa na meza ofisini, nunua ile kubwa yenye marejeo uachane na hii. Ukiwa unafanya kazi umesimama, hii inatosha mfuko wa aproni na bei haiumizi. Ila usilipe kabla hujaifungua na kupekua kurasa dukani. Yangu ina ukurasa mmoja uliofifia katikati ya Nahumu, nami niliugundua nikiwa nimeshafika nyumbani. Sikuirudisha, Nahumu simwendei mara nyingi.