TAHADHARI: Tapeli anayeuza "wikiendi ya Amsterdam" kwenye makundi yetu ya WhatsApp

Ndugu zangu mlioko Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi, na ninyi mlioko nyumbani mnaojipanga kuja kutembea, naomba msome hadi mwisho kabla hamjatuma hata senti.

Kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya Waafrika Mashariki huku Ulaya akiuza safari ya siku tatu Amsterdam: nyumba nzima ya watu 8 pembeni ya mfereji wa Prinsengracht, mzunguko wa boti, na tiketi za kuingia makumbusho ya Nyumba ya Anne Frank. Kiswahili chake kimenyooka, anaita kila mtu dada au kaka, na ukimpigia anapokea kwa bashasha. Anataka euro 120 kwa kila kichwa kama malipo ya awali, salio mtamalizia mkifika. Mdogo wangu na wenzake sita walimtumia. Waliposhuka Amsterdam Ijumaa jioni na mabegi yao, kwenye namba ile ya nyumba wakakuta ofisi imefungwa, taa zimezimwa. Simu ikawa inaita tu. Kabla ya usiku kuingia alikuwa ameshawablok wote saba. Walihangaika mpaka wakapata hosteli mbali na katikati ya mji, kwa bei ya kuumiza.

Jina lake sitaliandika, maana kitambulisho alichowaonyesha kina kila dalili ya kuwa cha mtu mwingine, ambaye huenda naye kaibiwa. Kesho atakuja na jina jipya na picha mpya. Mtamjua kwa mbinu, kwa hiyo nimekaa na kila kitu alichowatumia, nikakipitia kimoja kimoja.

Picha iliyowavutia kuliko zote ni ya meza na viti ukingoni kabisa mwa maji, barabara ikipita juu, na nyuma yake mlango wa ghala la matofali. Pazuri kweli. Lakini pale si Amsterdam. Gati za chini namna ile, zenye maghala yanayofunguka karibu na usawa wa maji, ni za Utrecht, kwenye mfereji wa Oudegracht, na ndizo zinazoupa mji ule sifa yake. Ukitembea Prinsengracht, barabara inaishia ukingoni na chini yake ni ukuta na maji, hakuna pa kuweka meza. Mtu anayedai nyumba ni ya shangazi yake hawezi kukosea mji.

Anwani nayo imejisema yenyewe. Kwenye vocha, yaani hati ya kuthibitisha nafasi aliyowatumia, msimbo wa posta unaanza na 1071. Ule ni upande wa Museumplein, penye Rijksmuseum na Makumbusho ya Van Gogh. Nyumba za Prinsengracht ziko kwenye 1015, 1016 na 1017. Uholanzi, msimbo wa posta na namba ya mlango vinakupeleka kwenye anwani moja tu, kwa hiyo vikigombana, simama hapo hapo. Tena mamlaka yao ya ardhi, Kadaster, ina ramani ya bure mtandaoni iitwayo BAG Viewer. Andika mtaa na namba, itakuonyesha jengo lilijengwa mwaka gani na limesajiliwa kwa matumizi gani. Nyumba ya kuishi utaona woonfunctie. Mlango waliopelekwa akina mdogo wangu umeandikwa kantoorfunctie, yaani ofisi. Kazi ya dakika mbili.

Halafu hao watu 8. Mkazi wa Amsterdam anayewapangisha watalii nyumba anayoishi haruhusiwi kuchukua zaidi ya watu 4 kwa wakati mmoja, wala kuvuka idadi ya siku iliyowekwa kwa mwaka. Anatakiwa awe na kibali, na tangu 2021 tangazo lake lazima lionyeshe namba ya usajili, ambayo kwa Amsterdam huanza na 0363. Mdogo wangu aliiomba namba hiyo. Jibu ninalo hapa: "Hiyo ni ya mahoteli dada yangu, sisi ni nyumba ya familia." Ni kinyume kabisa! Nyumba za familia ndizo zinazodaiwa namba. Na hata akikupa, bado linganisha na anwani, kwa sababu namba inaweza kunakiliwa kutoka kwenye tangazo la mtu mwingine.

Tiketi za Anne Frank ndizo zilizonikasirisha zaidi. Zile zinauzwa kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe tu, zina siku na saa ya kuingia, na kila Jumanne saa 4 asubuhi kwa saa za Uholanzi zinafunguliwa za wiki sita mbele. Hakuna wakala wa WhatsApp mwenye akiba ya tiketi hizo. Alizowatumia zilikuwa saba, zote na msimbo wa QR uleule.

Kwenye malipo benki ilijaribu kuwaokoa. Programu iliwaambia jina la mpokeaji halilingani na akaunti. Yeye akasema ni akaunti ya mhasibu wao, tena wafanye haraka kuna kundi lingine linasubiri. Ukiona onyo hilo usibonyeze endelea, hata kama anayekuharakisha ni mtu wa kwenu. Malipo ya papo hapo hufika ndani ya sekunde 10, na kuyarudisha ni shughuli nzito.

Wa Dar, Nairobi na kwingineko mnaoomba viza ya Schengen, kwenu hasara ni kubwa zaidi. Vocha ya namna hii ukiiweka kwenye maombi ni hati ya uongo, na hiyo ni sababu tosha ya kunyimwa viza.

Kama umeshatuma, ipigie benki yako sasa hivi, usingoje kesho, waambie ni utapeli. Tunza ujumbe wote na sauti alizokutumia, kisha ripoti polisi wa nchi unayoishi. Kwenye politie.nl, tovuti ya polisi wa Uholanzi, unaweza pia kuingiza namba ya akaunti au ya simu ukaona kama imeshalalamikiwa.

Sasa hivi anatangaza safari ya Siku ya Mfalme, sikukuu ya Uholanzi ya 27 Aprili ambapo Amsterdam hujaa na vyumba huwa adimu. Picha ni zilezile za Utrecht. Nimeambiwa kuna kundi la akina dada wa Antwerp limepewa hadi Ijumaa kutuma pesa. Kama uko humo, au unamjua aliyemo, mfikishieni ujumbe huu leo.