Nimelipia kujua tufe langu limetoka wapi, nikajibiwa neno moja

Sijui nianzie wapi bila kutukana. Miezi kadhaa nyuma nilitafuta mtu wa kuniambia kioo changu cha kukandamizia karatasi kilitengenezwa wapi. Ni tufe lililobapa kitako, linajaa kiganjani, na ndani yake vipande vya vijiti vya kioo vimesimamishwa wima vikabanana, kila kimoja uso wake ni ua. Ndiyo hayo yaitwayo millefiori, maua elfu. Nikaipata huduma moja ya mtandaoni inayojinadi kwamba ukituma picha na malipo, wataalamu watakupa asili ya kitu chako pamoja na sababu. Pamoja na sababu. Yashikeni maneno hayo.

Nikajituma kweli. Picha tisa, nne za kitako peke yake, maana kitako ndicho kinachosema ukweli: kama kimesagwa mpaka kikawa na bonde, kama limebaki kovu pale tufe lilipokatwa kwenye fimbo ya chuma, kama mikwaruzo imeelekea upande mmoja kama kazi ya msasa au imetapakaa ovyo kama ya kitu kilichoburutwa mezani miaka nenda rudi. Nikapiga na ua moja kwa karibu, la waridi, ambalo ndilo lililoninyima usingizi.

Wiki zikapita. Jibu likaja: "Murano."

Basi. Yaani kile kisiwa cha Venice, Italia, kinachosifika kwa kioo. Hakuna mstari wa pili. Nikadhani ujumbe umekatika. Nikaandika kwa adabu zote: samahani mtaalamu, naomba kujua umeonaje. Safari hii hawakuchelewa, dakika chache tu: "Ndugu mteja, millefiori ni neno la Kiitaliano."

Jamani! Kwa hesabu hiyo kila kitabu kimetungwa Uarabuni, na meza ninayoandikia imechongwa na Wareno.

Jina ni la Kiitaliano, sikatai. Na fundi kioo Pietro Bigaglia wa Venice alionyesha matufe yake kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1845. Lakini papo hapo Wafaransa wakaidaka kazi hiyo, viwanda vya Baccarat, Saint-Louis na Clichy, na matufe yao ya miaka hiyo ndiyo watu wanayogombania mpaka leo. Wamarekani wakafuata. Miaka ya 1930 China nayo ikawa inaiga ya Kifaransa. Kiwanda cha Perthshire cha Uskoti kilifunguliwa 1968 na kufungwa 2002, na wengi huitambua kazi yake kwa kijiti chenye herufi P. Wote hao ni maua elfu! Baccarat wakati mwingine huficha B na mwaka katikati ya maua, 1848 ukionekana zaidi. Saint-Louis huweka SL. Hata mtoto angeniuliza kwanza, "Umeona herufi yoyote?" Huyu hakuuliza. Nina hakika hata picha ya kitako hakuifungua.

Nikaamua kujipimia mwenyewe. Mizani ya jikoni: tufe gramu 596. Nikaweka bakuli la maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikalining'iniza tufe kwa uzi likazama bila kugusa chini. Mizani ikasoma 236, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa na tufe. Gawanya 596 kwa 236: 2.5 na ushee, yaani tufe ni zito mara hizo kuliko maji. Hapo nikakaa kimya. Kioo chenye madini ya risasi, walichotumia Wafaransa, hukaribia 3 au huzidi. Hiyo 2.5 ni kioo cha soda, cha kawaida, na hicho ndicho utakachokikuta Murano. Au China.

Nikachukua lenzi nikarudi kwenye waridi langu. Niseme ukweli, nilitaka liwe la Clichy. Waridi lao ni petali nyembamba zilizokumbatiana kama kabichi iliyoanza kufunguka. Langu, nikilitazama bila mapenzi, ni nyota nene zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na katikati pana kiputo cha hewa kama jicho la samaki. Si waridi. Nilijidanganya.

Kwa hiyo yawezekana walipatia. Kwenye ukurasa wa maoni yao nilikuwa nimewapa nyota moja, nikapandisha zikawa mbili. Halafu nikakumbuka: mtu aliyekisia akapatia bado amekisia tu, na mimi sikulipia ramli. Kati ya Murano na China bado sijajua lipi ni lipi, na hilo ndilo nililowauliza. Nimerudisha moja. Au ziwe mbili, kwa sababu bila hasira walizonitia nisingejifunza kupima. Hapana, moja. "Ndugu mteja" ile ndiyo inayoniuma kuliko pesa, kwamba mtu aliweza kuwa na heshima ya kuniita ndugu na asiwe na dakika ya kutazama kitako.

Nililalamika mpaka wakachoka, wakanirudishia nusu ya malipo. Murano lina silabi tatu. Nimekaa nikizigawa, sijui moja na nusu niliyoilipia ni ipi.