Likizo ya Theluji kwa Familia Mchanganyiko: Vituo Vitano vya Skii, Kuanzia Bora

Brosha za vituo vya skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni, huanza na kilomita za miteremko: mia mbili, mia nne, mia sita. Namba hizo zina maana kwa mtu anayejua kuteleza, yule anayefunga buti asubuhi na haonekani tena mpaka magharibi. Familia nyingi za kwetu tunaoishi Ulaya hazifanani na huyo. Kuna kijana wa miaka 14 aliyefundishwa na shule yake, sasa hataki kusikia habari ya mteremko wa watoto. Kuna mdogo wake wa miaka 6. Kuna baba aliyekulia Morogoro, theluji kaiona ukubwani. Na kuna mama mkwe aliyekuja kutembea kutoka Tanga, ambaye hatavaa skii hata umlipe.

Kwa familia ya namna hiyo, kabla sijatazama bei nauliza kitu kimoja: saa saba mchana, wote hao wanaweza kukaa meza moja? Mama mkwe apande kwa gondola, kibanda kinachoning'inia kwenye waya, au kwa treni akiwa na viatu vyake vya kawaida, mtoto awe anajifunza palepale jirani, na yule fundi wa kuteleza ateremke mpaka mlangoni pa mgahawa. Kituo kinachoshindwa hapo kitakuachia wiki nzima ya kupigiana simu, kila mtu na bonde lake. Vituo vyenye majina makubwa vinashindwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana Verbier na Val Thorens hutaviona humu, ingawa kijana wako atavitaja.

Jambo la rangi za miteremko kwanza, zile zinazoonyesha ugumu wake, maana linawaumiza wageni. Ufaransa na Andorra huanza na kijani, iliyo rahisi kuliko zote, kisha buluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida hawana kijani: buluu ndiyo ya kuanzia. Kwa hiyo buluu ya Austria inaweza kuwa tambarare ya kitoto au mteremko wa kumtoa jasho baba wa Morogoro. Usiamini ramani peke yake, muulize mwalimu.

1. Serfaus-Fiss-Ladis, Austria

Vijiji vitatu vya Tyrol vilivyounganishwa kwa lifti za kupandisha watu mlimani, vyenye zaidi ya kilomita 200 za miteremko. Lakini kinachokiweka juu ya orodha yangu ni namna wenyeji walivyowafikiria wasiojua. Kutoka kijijini Serfaus, kwenye mita 1,427 kutoka usawa wa bahari, gondola inakupandisha hadi Komperdell, karibu mita 2,000, na hapo ndipo ulipo uwanja wa watoto. Mtoto hang'ang'anii kamba wala kupanda lifti ya kutisha. Anasimama na skii zake juu ya mkanda unaotembea taratibu, mingine imefunikwa kwa kibanda kirefu cha kioo ili upepo usimpige, nao unampeleka juu kama mzigo wa uwanja wa ndege. Anateremka, anarudi, anateremka. Migahawa iko hatua chache kutoka hapo. Mama mkwe anakaa na chai yake anamwona mjukuu akianguka na kuinuka, na kijana anarudi kutoka miteremko ya juu bila kuvua skii mpaka anafika.

Kijiji chenyewe kina treni ya chini ya ardhi, tangu 1985. Ina vituo vinne tu, kutoka maegesho ya magari hadi kwenye gondola, na haina nauli. Ukishawahi kubeba skii za watu wanne, fimbo, na mtoto anayelia kwa sababu glavu moja imeloa, utajua kwa nini naitaja.

Kasoro zipo. Bei ni kubwa: tiketi ya lifti ya siku 6 kwa mtu mzima ni zaidi ya euro 300, kama ilivyo kwenye vituo vingi vikubwa vya Alps, na shule ya skii ni juu yake. Kijana aliyebobea atalalamika kwamba miteremko mieusi ni michache, mwache alalamike. Na kwa sisi tusiokula nguruwe, chakula cha Tyrol kinataka macho. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi inaingia hata kwenye supu na madonge ya mkate. *Käsespätzle*, tambi za jibini, mara nyingi ni salama. *Kaiserschmarrn*, chapati nene za mayai zilizokatwakatwa na kunyunyiziwa sukari, watoto watazipenda sana, ila uliza kama zabibu zake zimelowekwa kwenye ramu.

Na anayekwambia mambo haya si ya watu wa pwani, mtajie Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya katika skii ya milimani kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018.

2. Ortisei na Alpe di Siusi, Italia

Hapa mji mmoja uko katikati ya milima miwili yenye tabia tofauti kabisa. Upande mmoja gondola inapanda hadi Alpe di Siusi, uwanda mpana wa malisho ambao wakati wa baridi unakuwa mweupe wote, na miteremko yake ni ya upole. Anayejifunza anapata nafasi bila watu kumpita kwa kasi masikioni. Asiyeteleza ana njia za kutembea zilizosafishwa na sleji za kukokotwa na farasi, na mandhari ya milima ya Dolomiti, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2009. Upande wa pili lifti zinakwenda Seceda, karibu mita 2,500, na kutoka huko fundi anashuka njia moja ya takriban kilomita 10 mpaka mjini. Anavuka mji kwa miguu, anapanda gondola ya upande wa pili, anawakuta wenzake mezani. Akitaka zaidi, tiketi ya Dolomiti Superski inafungua maeneo 12 yenye jumla ya kilomita 1,200, pamoja na mzunguko mashuhuri wa Sellaronda. Hiyo tiketi usiwanunulie wote. Wanafunzi hawataitumia, waanzie na tiketi ya eneo dogo.

Sababu ya kukiweka cha pili ni kwamba anayejifunza hawezi kuanza wala kumalizia siku mlangoni pa nyumba. Ni lazima apande gondola asubuhi na kushuka nayo jioni, pamoja na kila mtu mwingine. Angalia sheria pia: tangu 2022 Italia inamtaka kila anayeteleza awe na bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo unaweza kuiongeza unaponunua tiketi, na kuanzia msimu wa 2025/26 kofia ngumu ni lazima kwa watu wa umri wote.

3. Grindelwald na Wengen, Uswisi

Kama wasioteleza kwenu ni wengi kuliko wanaoteleza, kisome hiki kama namba moja. Treni ya milimani inafika Kleine Scheidegg, mita 2,061, katikati kabisa ya miteremko, chini ya ukuta wa mlima Eiger. Mtu mzima aliyevaa koti lake na leso kichwani anashuka kwenye behewa, na wanawe wanasimama mbele yake wakiwa na skii miguuni. Sijui kituo kingine kinachofanya hivyo kirahisi namna hii. Kutoka hapo reli nyingine, iliyofunguliwa 1912, inapanda hadi Jungfraujoch, mita 3,454. Tiketi yake ni ghali sana, na mwenye presha au matatizo ya moyo azungumze na daktari wake kwanza, maana hewa ya huko ni nyepesi.

Wengen hakuna magari. Grindelwald yapo, na uwanja wake wa wanafunzi, Bodmi, uko karibu na kijiji, si juu mlimani. Maana yake siku za mwanzo wanaojifunza watakula chini na mafundi juu. Kijiji kiko mita 1,034 tu, kwa hiyo mwaka wa joto mvua inaweza kunyesha mahali ulipotegemea theluji. Na Uswisi ni Uswisi: supu moja mlimani itakufanya uhesabu mara mbili.

4. Avoriaz, Ufaransa

Kilijengwa miaka ya 1960 juu ya jabali, mita 1,800, bila barabara za magari ndani. Theluji ndiyo barabara. Kijiji cha watoto kilichoanzishwa na Annie Famose, mshindi wa medali mbili kwenye Olimpiki ya Grenoble ya 1968, kiko katikati ya makazi, kwa hiyo mzazi anapita na kuchungulia. Kijana wako atapata alichokitaka: Portes du Soleil, eneo la skii ambalo Avoriaz ni sehemu yake, lina takriban kilomita 600 zinazovuka mpaka wa Ufaransa na Uswisi, na mpakani penyewe pana Chavanette, ukuta wa matuta ambao wengi huishia kuutazama kutoka juu.

Uzuri wake mwingine ni jiko. Makazi mengi ni fleti, na kwa sababu unateleza mpaka mlangoni, chakula cha mchana kinaweza kuwa wali na maharage ya jana. Kwa familia ya watu sita hiyo ni akiba kubwa kuliko punguzo lolote la tiketi. Ila soma ukubwa wa fleti kwa mita za mraba, si kwa idadi ya vitanda. Fleti ya "watu sita" Ufaransa inaweza kuwa chumba kimoja, kochi la kukunjua, na vitanda vya ghorofa kwenye korido. Wazee wasioteleza watachoka kutembea juu ya theluji iliyogandamana. Bwawa la Aquariaz, lenye joto na mimea ndani, litawasaidia alasiri moja au mbili, si wiki.

5. Bansko, Bulgaria

Cha bei nafuu. Masomo, vifaa na hoteli ni sehemu ndogo ya utakacholipa Uswisi. Wanaojifunza hukusanyika Banderishka Poliana, juu mlimani, na migahawa iko hapohapo, kwa hiyo kipimo changu cha meza kinatimia. Tatizo ni kufika: mji uko chini, gondola kuu ni moja, na asubuhi za Februari foleni yake inaweza kumaliza subira ya mtoto kabla siku haijaanza. Lala hoteli iliyo karibu na gondola na uwahi. Mafundi watauona mlima wote mapema na kuanza kupiga miayo.

Soldeu ya Andorra ingeshindana na Bansko. Walimu wengi huzungumza Kiingereza, na eneo la wanafunzi liko juu, gondola inapoishia. Tatizo ni pasipoti. Andorra haimo kwenye Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na haina uwanja wa ndege wa abiria wala reli. Unaingia kwa barabara kutoka Hispania au Ufaransa. Shangazi aliyekuja na viza ya kuingia mara moja akivuka tu, ameshatoka Schengen, na kurudi ni kesi nyingine. Bulgaria haina tena shida hiyo, imeingia kikamilifu Januari 2025. Na bima ya safari iliyotumika kuombea viza isome vizuri: nyingi hazigusi ajali ya skii wala gharama za kuokolewa mlimani.

Walio Dubai wanaweza kumjaribu mtoto Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, tangu 2005. Mteremko ni mfupi, lakini ukitaka kujua kama atalilia buti, utajua hapo kwa gharama ndogo.

Vifaa kodisha, usinunue, hasa vya watoto. Buti ndiyo ya kugombania. Vaa soksi moja nyembamba, si mbili. Ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Ikiuma dukani, mlimani itauma zaidi. Rudisha bila aibu. Nguo za theluji hutokea kwenye maduka ya bei nafuu mwanzoni mwa majira ya baridi, na zinaisha upesi.

Kuhusu tarehe, Februari iepuke ukiweza, kwa sababu Wafaransa, Waholanzi na Waingereza wote huwa na likizo za shule. Wiki za Januari baada ya tarehe 6 ni nafuu zaidi, foleni fupi, baridi kali. Walio na watoto wa shule hawana uhuru huo, kwa hiyo waanze na shule ya skii kabla ya nyumba: waandikie, uliza darasa la watoto wa miaka 6 wanaoanza lina nafasi wiki hiyo, ni watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, na wanafundisha kwa lugha gani. Wakijibu kwamba limejaa, hamia kituo kinachofuata kabla hujalipa amana ya fleti.