Blenda ilivuja, lakini kilichoniuma ni lile neno "anayefuata"

Nianze na supu, maana bila hiyo supu nisingenunua blenda kabisa.

Mama yangu ni mtu mzima, na kipindi cha mvua aling'olewa meno matatu kwa mpigo. Uji aliuchoka siku ya pili. Mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwani kwetu, akaukataa, akasema unamtia uchungu bure kwa sababu migebuka wenyewe hawezi kuwatafuna. Jioni huwa tunakaa naye tunaangalia Seinfeld, ile komedi ya Marekani, mdogo wangu aliniwekea kwenye flashi. Mama hajui Kiingereza, namtafsiria. Ila kwa Kramer hataki tafsiri: jamaa akishauvamia mlango wa jirani yake na zile nywele zilizosimama, mama anacheka huku kashika shavu.

Ipo ile sehemu ya mwaka 1995, ya muuza supu wa New York. Mkali huyo! Foleni mpaka nje, unakuja na pesa mkononi, unataja supu yako, unasogea. George, rafiki yake Kramer, anaulizia mkate tu, supu inarudishwa ndani. Kramer naye anamtuma rafiki yao Elaine amletee supu iitwayo mulligatawny. Mama akauliza ndiyo supu gani. Nikamweleza ina asili ya India, jina lake limetoka kwenye Kitamil, maana yake maji ya pilipili manga, na Waingereza waliokaa huko ndio walioigeuza ikawa supu ya mezani. Akasema, "Basi nipikie hiyo ya mwenye nywele."

Ndiyo nikapanda bajaji kutoka Ujiji mpaka Mwanga, hapa hapa Kigoma, kutafuta blenda. Shilingi 65,000, na sikupunguziwa hata mia.

Supu yenyewe niliipika kwa moyo wote. Kuku wa kienyeji nusu, adesi nyekundu, karoti, nyanya, epo moja lililomenywa, tangawizi, bizari, na tui la nazi mwishoni. Kitunguu nilikikaanga kwa mawese, kwetu hayo ndiyo mafuta, na yaliipa rangi nzuri kama jua la jioni ziwani. Pilipili manga nilitia kidogo sana kwa ajili ya vidonda vya mama. Mkaa mdogo, zaidi ya saa nzima, nje mvua inapiga bati. Harufu ilimtoa mama chumbani kabla sijamwita, akakaa na bakuli lake mapajani.

Nikatoa mifupa, nikaiacha supu ipoe, nikajaza jagi nusu, nikawasha. Haikufika hata dakika moja. Supu ikaanza kutoka chini, pale jagi linapokaa juu ya mota, ikatiririka mezani, ikaingia ndani ya mashine. Ikanuka kuungua. Nikachomoa waya. Mama alikuwa ananitazama tu, bakuli tupu.

Nilichekecha iliyobaki kwa chujio la chai. Mikono iliniuma, lakini alikula.

Kesho yake nikaifuta mashine, nikaitia kwenye kiroba, nikarudi dukani na risiti yangu. Muuzaji alikuwa kwenye simu. Nilisalimia mara mbili. Nilipoanza kueleza akatazama kile kiroba, mimi hakunitazama, akasema, "Mama, hiyo ni ya juisi. Wewe umepikia." Nikamwambia sijapikia, nimesaga supu iliyopoa, naomba tu uifungue uone inavujia wapi. Akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akapaza sauti juu ya kichwa changu: "Anayefuata!"

Watu walikuwepo. Kuna kijana mmoja aliinamisha kichwa kwa aibu, aibu ambayo haikuwa yake.

Nimelifikiria neno lile kila siku tangu hapo. Yule wa kwenye komedi naye aliwafukuza watu hivyo hivyo, na tulikuwa tunacheka. Lakini yule supu yake ilikuwa nzuri! Watu walivumilia ukali wake kwa sababu alichowauzia kilikuwa kizima. Huyu wa Mwanga ana ukali na mashine inavuja. Na mimi sikuja kubishana, nilikuja na mama mwenye njaa nyumbani. Angesema tu "pole mama, iache niiangalie," hata asingenirudishia senti, leo ningekuwa namsifia.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuwaambia msiinunue hiyo blenda, hata kwa bei ya kutupa.

Ila lazima niseme na lililofuata. Nilimpelekea fundi wa redio jirani yetu. Akafungua, akanionyesha ile raba ya chini ya visu: ilikaa upande, imejikunja. Akaweka nyingine, akakausha mota, akachukua shilingi 5,000. Tangu hapo inasaga vizuri. Karanga inazilainisha, juisi ya nanasi inatoka safi, haijavuja hata tone. Na niwe mkweli zaidi, sina hakika kama siku ile supu ilikuwa imepoa kabisa. Nilikuwa na haraka, mama alikuwa anasubiri. Labda joto nalo lilichangia. Kwa hiyo mashine siwezi kuiita mbovu. Ukiinunua, kaza chini, jaribu kwanza na maji baridi juu ya meza kabla hujaondoka dukani, na supu ya moto usiifunikie humo, mvuke utakurukia usoni.

Nasema siwezi kuiita mbovu, lakini nikiiona pale kabatini damu inachemka upya. Raba ya kubadilisha dakika kumi! Angeibadilisha pale pale, mbele yangu, nikaondoka na heshima yangu. Hapana. Dukani kwake sitakanyaga, na dada zangu nimeshawaambia.

Juzi nilimpikia mama tena, safari hii nikaisaga yote kwenye blenda, laini kabisa. Akaonja, akanywa kimya, akaweka kijiko. Akasema ni nzuri, ila ile ya kwanza ya chujio ilikuwa na vipande vidogo vya adesi chini, alikuwa anavipenda.

Jumamosi nachekecha kwa chujio.