Resho ya sahani ya chuma: kabla ya kuilaumu, geuza sufuria

Karibuni tena, ndugu zangu wa Goma, na ninyi mnaotufuata kutoka Bukavu. Leo ni resho hii ya umeme ya sahani moja ya chuma, wati 1,500, sahani ya sentimita 18. Umbo lake mnalijua. Twende kwenye lalamiko mnaloniandikia kila wiki: "Inazima yenyewe, maharagi hayaivi."

Tazameni. Hii ni sufuria ya alumini iliyochoka na mbabula, jiko letu la makala (makaa). Naigeuza, naweka rula juu ya kitako. Mnaona mwanga unavyopita katikati? Ugonjwa uko hapo! Moto wa makala unapanda na kuikumbatia sufuria hata kama imebonyea. Chuma hiki hakina ulimi wa moto: kinatoa joto vizuri pale tu kinapogusa. Pasipogusa, joto linarudi kwenye sahani, sahani inazidi kupata moto, na termostati ya chini inakata umeme. Taa inazimika, unasema resho mbovu.

Sasa naweka hii ya kitako bapa, lita moja ya maji. Angalieni mapovu: yanatoka kitako kizima, si pembeni tu, na taa bado inawaka. Basi tafuta sufuria bapa, nene, yenye upana sawa na sahani au kuizidi kidogo. Ikiyumba ukigusa ukingo, iache.

Mnauliza kuhusu resho ya induksheni, ile inayopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Inataka sufuria inayonasa sumaku. Alumini yetu haiitambui kabisa. Ukijumlisha na bei ya sufuria mpya, mimi nabaki na hii. Ila kwa mayai ya asubuhi, kweli, induksheni inaiacha mbali, maana chuma kinachelewa kupata moto.

Na hapa Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi, maji yanachemka karibu digrii 95. Yakishachemka, kuzungusha kitufe hadi mwisho hakuyaongezei joto, unachoma umeme bure. Shusha, funika, yatokote polepole. Sombe, majani yetu ya muhogo, ikikaribia kuiva, zima dakika 5 mapema, chuma kitamalizia. Video ijayo ni sufuria ya presha, msikose.

Resho ikiwa mpya, iwashe tupu dakika 5, dirisha wazi: ule moshi ni rangi ya kiwandani inayoungua. Mchuzi wenye chumvi ukimwagika, chomoa, subiri ipoe, futa kwa kitambaa kibichi. Usimwagie maji baridi ikiwa na moto, inaweza kupasuka. Kisha iwashe dakika 2 ikauke, na ikipoa ipake mafuta kidogo sana, la sivyo kutu.

Ralonji (waya wa kurefusha umeme) nyembamba, hapana! Resho hii inavuta karibu ampea 7. Waya uwe wa milimita za mraba 1.5, usiviringishwe. Baada ya dakika 20 gusa plastiki ya plagi. Ikiunguza mkono, huenda prizi (tundu la umeme ukutani) imelegea: zima resho, mwite fundi aibadilishe.