Vifaa vya Kuokoa Maji Nyumbani Mombasa: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Nyumba nyingi za Mombasa hupata maji ya mfereji kwa zamu, na si ajabu, kwa kuwa maji yenyewe husafiri kutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizo Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere huko Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Zamu ikipita bila maji kufika, mwenye nyumba humwita mwenye mkokoteni amletee mitungi ya lita 20, au huagiza boza akiwa na uwezo. Kwa hivyo nimevipanga vifaa hivi kwa kipimo kimoja tu, nacho ni wingi wa maji yaliyokwisha kulipiwa ambayo kila shilingi ya ziada itayaokoa. Kwa kipimo hicho, tangi kubwa ambalo watu hulikimbilia kwanza halishiki nafasi ya kwanza wala ya pili.

Nafasi ya kwanza naipa mipira ya kuzibia iliyomo ndani ya mifereji, ambayo mafundi huiita washa, pamoja na boya la tangi. Mfereji unaodondosha tone moja kwa kila sekunde humwaga lita 20 au zaidi kwa siku, yaani mtungi mzima, ilhali washa ya kuuziba ni ya makumi machache ya shilingi. Nenda dukani na ile kuukuu mkononi, kwa sababu mifereji ya nusu inchi na ya robo tatu inchi haitumii washa za kipimo kimoja, na ununue kadhaa za akiba.

Boya, yaani lile tufe la plastiki linaloelea na kufunga maji tangi likijaa, lina thamani zaidi katika mji wa zamu kuliko katika mji ambao maji hayakatiki. Maji yakija usiku wa manane, asiyekuwa na boya huamshwa na mchirizi unaoteremka ukutani, na kinachomwagika hapo ndicho atakachokinunua tena kwa mtungi siku mbili baadaye. Kabla ya kulipa, litikise boya karibu na sikio: ukisikia maji ndani yake, au ukiona mshono wake umeachana, lirudishe, maana litazama na halitafunga tena. Mkono wake uwe wa shaba au wa plastiki nene, kwani chuma chembamba huliwa na kutu upesi kwa hewa ya bahari, na upesi zaidi katika nyumba inayochanganya maji ya mfereji na ya kisima cha chumvi. Mweleze pia muuzaji kama boya litafungwa kwenye bomba litokalo barabarani au kwenye bomba literemkalo kutoka tangi la juu. Valvu ya presha kubwa ina tundu dogo, na ikifungwa mahali penye presha ndogo tangi litachukua saa nyingi kujaa.

Katika daraja hii hii umo mpira unaoziba tangi la choo, ambao huvuja kimya kimya bila mtu kujua. Kuupima hakuhitaji fundi: tia ndani ya tangi la choo rangi kidogo ya chakula, ile ile ya biriani, kisha usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, mpira umechoka na unapaswa kubadilishwa.

Nafasi ya pili huenda ikamshangaza anayetarajia mitambo, nayo ni birika la plastiki la kutawadhia pamoja na kata ya kuogea. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja, na anayetawadha chini ya mfereji uliofunguliwa hadi mwisho hukimaliza kiasi hicho kabla hata hajasukutua. Nyumba ya watu watano wanaosali vipindi vyote vitano, wakiokoa lita mbili tu kila wanapotawadha, hubaki na lita 50 kwa siku. Chagua birika la lita moja au moja na nusu lenye mdomo mwembamba. Kubwa kuliko hilo hurudisha israfu ile ile.

Tangi na mifereji ya kukinga mvua paani vinashika nafasi ya tatu, na navitaja pamoja kwa makusudi, kwa kuwa tangi peke yake huhifadhi maji lakini haliyaongezi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Basi paa la mabati la mita 60 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hutoa lita 1,200, na hata ukitoa yanayopotea utabaki na karibu lita 1,000. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka wa kawaida, nyingi yake katika masika ya Aprili hadi Juni, na mwenye tangi tupu lisilounganishwa na paa mwezi wa Mei anastahili kulaumiwa. Nunua mifereji ya plastiki badala ya ile ya bati, ambayo kutu huitoboa, na uache maji ya mwanzo wa mvua yapite kwanza kwa sababu husomba vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai, ambayo yanafaa bustani tu.

Katika kuchagua tangi, gawanya bei kwa ujazo ili ulinganishe lita kwa lita, na upendelee rangi nyeusi au iliyokoza, kwa maana mwanga ukipenya ndani huotesha ukijani. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa zaidi ya tani moja, kwa hivyo likalie sakafu bapa ya saruji, lisikalie mawe wala mbao zilizopangwa kwa kubahatisha. Mfuniko ukazike, na kila tundu livalishwe wavu mwembamba. Mji huu ulipatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013 na wa chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017, na mbu anayeeneza maradhi hayo mawili huzaliana katika maji ya nyumbani yaliyotulia. Mpangaji wa chumba kimoja au viwili asilazimishe tangi kubwa. Pipa la lita 200 lenye mfuniko litamtosha, na atahama nalo.

Kwa bustani, cha kwanza kununuliwa hakihitaji duka. Makumbi ya nazi yanayorundikwa karibu na wauza madafu, yakilowekwa, yakasuuzwa chumvi, kisha yakatandazwa kuzunguka shina la mlimau au asumini, hupunguza sana ukaukaji wa udongo wetu wa mchanga. Baada ya hapo ndipo ufikirie mipira ya matone, yaani ile yenye matundu madogo yanayodondosha maji penye shina. Ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa kiasi cha mita moja inatosha kuilisha mistari michache ya mchicha, bila pampu. Usikubali kifurushi kisicho na chujio, kwa kuwa maji ya visima vyetu yametoka katika mwamba wa matumbawe na huacha chokaa inayoziba matundu. Fungua ncha za mipira mara kwa mara ili uchafu utoke.

Choo chenye vitufe viwili kinafaa kwa anayejenga au kukarabati. Kitufe kidogo hutumia takriban lita 3 na kikubwa lita 6, wakati matangi mengi ya zamani hutumia lita 9 au zaidi kila mara. Kung'oa choo kizima kwa ajili hiyo tu ni gharama isiyorudi upesi. Chupa ya lita moja iliyojazwa maji, ikiwekwa ndani ya tangi la zamani mbali na boya, huokoa lita moja kila unapovuta.

Shawa za kubana maji naziweka chini. Nyingi zimetengenezwa kwa presha ya mabomba ya mjini, na tangi lililo mita tatu juu ya bafu hutoa presha ya takriban baa 0.3 tu, kwa hivyo maji hudondoka badala ya kunyunyiza na anayeoga hukaa muda mrefu zaidi. Mwishoni kabisa ni kile chombo cha kuzungusha na kurusha maji bustanini. Upepo wa kusi hupeperusha sehemu ya maji kabla hayajafika ardhini, na yakiwa ya kisima cha chumvi huunguza majani yanapoyaangukia.